"Yes" ya Mzee wa Uvira

Ile video ya kamera ya kifuani ilichezwa mara tatu mahakamani. Polisi kasimama dirishani na tochi, leseni ameshairudisha. Anauliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa: "Utaona vibaya nikitupia jicho ndani ya gari?" Mzee, mkimbizi kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, anajibu: "Yes, sir." Kisha anashuka, anamfungulia mlango kwa mkono wake. Kwenye kisanduku cha mbele vikapatikana vidonge vya maumivu vya kuandikiwa na daktari, visivyo na jina lake.

Mimi nilikuwa mkalimani tu, mwaka wangu wa kwanza katika mahakama za Ohio. Kibali cha hakimu hakikuwapo, na hakihitajiki dereva akiridhia kwa hiari. Wala polisi halazimiki kumwambia kwamba anaweza kukataa: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1973. Mwaka 1996, kwa kesi ya hukuhuku Ohio, ikasema halazimiki hata kumwambia kuwa yuko huru kuondoka. Ila mzigo wa kuthibitisha ridhaa ni wa upande wa mashtaka, na hapo ndipo wakili wa mzee alipong'ang'ania. Alitaka ushahidi utupwe. (Neno alilotumia, "suppress", nusura nilitafsiri "kuukandamiza", mzee angedhani tunaficha kitu.)

Hoja yake naiona tamu mpaka leo. Kwa swali lile, "yes" ya Kiingereza ni kukataa: ndiyo, nitaona vibaya. Basi ama mzee alikataa, ama hakuelewa alichoulizwa. Ridhaa iko wapi?

Mbona alifungua mlango mwenyewe? akauliza mwendesha mashtaka.

Mzee akanitazama mimi badala ya hakimu. "Kwetu, mama, polisi akikuuliza unasema ndiyo. Ukisema apana, anakupiga."

Mkalimani husema kwa nafsi ya msemaji. Nikawa mimi ndiye ninayepigwa, kwa Kiingereza, mbele za watu, na sauti ikanikwama kwenye "kwetu". Kwetu mimi ni Tanga, lakini nami nimewahi kumfungulia askari buti la gari bila kuuliza kwa nini.

Baada ya wiki mbili hakimu alisoma uamuzi: ridhaa haikuthibitishwa, vidonge visitumike. Kesi ikafa.

Koridoni mzee akanishika mkono. "Mama, sasa siku ingine wakinisimamisha, niseme nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini mkalimani haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, hata neno moja. Nikamgeukia wakili, nikalitafsiri swali.