Bamvua la Rottingdean

Mama aliwasili Uingereza Jumatano, tarehe 20 Juni 2018, siku chache baada ya Idi, akiwa amevaa sweta mbili juu ya baibui kwa sababu kila aliyemuaga Jambiani alimwambia kwamba anakwenda kwenye baridi. Mwaka ule majira ya joto yalikuwa makali kuliko kawaida, nyasi za bustani zimeanza kukauka, na tulipotoka uwanja wa ndege wa Gatwick kuelekea kwenye treni ya Brighton alikuwa ameshazivua zote mbili na kuzikunja vizuri juu ya sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na bizari, karafuu, ubani, na vipande kumi na viwili vya sabuni ya mwani, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake.

Safari hiyo ilichelewa kwa mwaka mzima. Ombi lake la kwanza la viza lilikataliwa, na barua ya majibu ilieleza kwamba mwombaji hakuonesha sababu za kutosha za kumrudisha kwao. Niliisoma barua ile mara nyingi kwa hasira, mpaka siku moja nikaitazama tena fomu niliyoijaza mimi mwenyewe kwa niaba yake, nikaona kwamba katika nafasi ya kazi niliandika "mama wa nyumbani." Mwanamke aliyenilipia ada ya skuli, sare na madaftari kwa kuinama baharini tangu nikiwa mtoto, nilimwandika kwamba hana kazi. Ombi la pili niliandika "mkulima wa mwani," nikaambatanisha stakabadhi za mnunuzi, naye akapata ruhusa.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na Mama alikuwa mmoja wa wanawake walioingia mapema. Kazi yenyewe ni ya kufuata mwezi. Vigingi hupigwa kwenye mchanga ndani ya bahari, kamba hutandazwa kati ya vigingi, na vichipukizi vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo vinavyoitwa taitai. Kisha baada ya wiki sita hivi huvunwa, hutandazwa juani siku mbili tatu, na wakati ule uliuzwa kwa shilingi mia chache kwa kilo ya mwani mkavu. Yote haya hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hutoka mbali na mtu akaweza kusimama shambani. Mwani mnene, ambao una bei nzuri, ulishaanza kufa kila maji yanapopata joto, na wengi wao walibaki na mwembamba. Mimi nilikuwa nikiamshwa kumsaidia siku zisizo za skuli, na nakiri kwamba niliichukia kazi ile kwa moyo wangu wote.

Nilikuwa nimeomba likizo ya siku nane hospitalini, nikapanga nitakavyomtembeza. Mchana uleule wa kuwasili nilimpeleka ufukweni, maana fleti yangu ya Kemptown iko mwendo wa dakika chache tu kutoka baharini. Ufukwe wa Brighton ni wa kokoto, rangi ya kahawia na kijivu, zinazoteleza chini ya mguu na kulia kila wimbi linapozivuta. Mama alivua makubadhi yake kama afanyavyo nyumbani, akapiga hatua tatu, akasimama.

"Mwanangu, mchanga mmeuweka wapi?"

Hakungoja jibu. Aliinua uso akautafuta mwezi, akauona mchana ule ukiwa nusu, mweupe juu ya majumba, kisha akayatazama maji kwa muda mrefu. "Haya ni maji mafu," akasema, yaani yale ya mwezi nusu, yasiyotoka mbali. Nilikuwa nimeishi mji ule miaka saba na sikuwahi kujiuliza.

Siku zilizofuata nilimtembeza kama nilivyopanga. Tulikwenda kwenye gati la starehe la mwaka 1899, na tulikwenda kwenye kasri la Royal Pavilion, ambalo kwa mbali, kwa jinsi kuba zake zilivyo, alilidhania kuwa msikiti, akauliza tutasali upande gani. Nilimweleza kwamba ni nyumba ya starehe ya mfalme, na kwamba kati ya mwaka 1914 na 1916 iligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa vitani Ufaransa. Aliwaombea dua palepale bustanini. Kilichomtaabisha zaidi kilikuwa saa. Kwetu saa za usiku huhesabiwa tangu jua linapozama, na mtu akisema saa moja, kila mtu anajua kwamba Magharibi imeingia. Brighton mwezi wa Juni jua huzama saa tatu na dakika kumi na nane usiku, Isha husaliwa karibu na usiku wa manane, na Alfajiri haikawii. Mama hakulalamika, ila alikuwa akilitamka neno "saa tatu" polepole huku akilitazama jua, kama mtu anayehesabu fedha za nchi asiyoijua.

Nilipomuuliza anataka kwenda wapi tena, jibu lilikuwa lilelile: baharini. Basi akawa anakaa juu ya benchi, mbele ya mojawapo ya kuta za zege zinazoingia majini kuzuia kokoto zisisombwe, mimi nikidhani anapumzika. Siku ya nane ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa anafanya kazi. Alikuwa ameuchagua ukuta mmoja, ameweka alama kwa macho pale kijani cha mwani kinapoanzia na pale kinapokoma, na kila siku alikuwa akiangalia maji yamefika wapi na ni saa ngapi.

"Bahari yenu imepishana na yetu," aliniambia Jumatano ile. "Kwetu bamvua likiingia, maji hutoka saa nne asubuhi, tukaingia shamba. Hapa saa nne ndiyo yanapanda. Jumamosi yatatoka sana, jioni, karibu na saa moja, jua likiwa bado juu. Je, ni wapi hapa penye mwamba?"

Sikujua penye mwamba. Niliwauliza wenzangu wa kazini, na mmoja akanielekeza Rottingdean, kijiji kilichoko mashariki ya mji chini ya majabali meupe ya chaki, ambako maji yakitoka hubaki uwanda mpana wa mawe wenye vidimbwi. Nikanunua pia kijitabu cha ratiba ya maji, vile vidogo wanavyotumia wavuvi. Kwa Jumamosi tarehe 30 Juni, siku mbili baada ya mwezi mpevu, kijitabu kilionesha maji kutoka kabisa karibu na saa ileile aliyoitaja. Nilikaa jikoni nikiwa nimekishika, na nilitamani yule aliyeandika barua ya kwanza ya viza angekuwepo aone; kisha nikakumbuka ni nani aliyeijaza fomu.

Tulipanda basi la ghorofa saa kumi na moja jioni. Tulipofika chini ya majabali, maji yalikuwa yanarudi nyuma kwa haraka ambayo hata yeye ilimshangaza, kwani pale tofauti ya maji ya bamvua hukaribia mita sita, wakati kwetu ni mita nne hivi. Mwamba ulijitokeza taratibu, mweupe kwa chini, kijani na kahawia kwa juu, umechimbika mifereji kama uliolimwa kwa jembe. Mama alifunga kanga kiunoni, akapandisha baibui, akavaa viatu vya mpira nilivyomnunulia, akaingia.

Nilimfuata. Hakuwa akitembea kama mtu wa miaka sitini na mbili. Alikuwa akiuweka mguu kwanza, anaupima, ndipo anauhamishia uzito, na mkono wake wa kushoto uko tayari kushika. Aliinama kwenye kidimbwi, akafunua mwani kwa kidole kama mtu anayefunua nywele za mtoto kutazama kidonda. Palikuwa na kaa mdogo wa kijani, konokono walioganda jiweni wenye magamba mfano wa kofia, na mwani wa kahawia wenye vifuko vya hewa ambavyo alivibonyeza kimoja kimoja hadi vikapasuka. Akacheka. Kisha akaung'oa uzi mmoja mwekundu mwembamba uliokuwa umekwisha kuchomoka, ukielea, akauinua kwenye mwanga.

"Huu ni ndugu yake," akasema. "Wanafanya nini nao hapa?"

Nikamjibu kwamba ninavyoona hawafanyi kitu. Hakusema neno, ila aliurudisha majini mahali pale alipouokota, akaukandamiza kwa kijiwe usichukuliwe.

Nilitazama mikono yake wakati ule. Ngozi ya vidole imeliwa na maji ya chumvi na kamba za nailoni, na ukucha wa dole gumba la kulia umepasuka katikati tangu nilipokuwa darasa la tano. Mimi ni muuguzi. Mikono ya watu ndiyo ninayoishika kila siku, huitazama kwa makini na kuandika ninachokiona. Ya kwake sikuwahi kuitazama hivyo.

Tulikaa juu ya jiwe, akaomba simu. Jambiani ilikuwa imekaribia saa tatu usiku. Alimpigia shoga yake wa kikundi cha mwani, wakaulizana hali, kisha akauliza bamvua limekwendaje, maana mwezi ni mmoja na bamvua ni lilelile. Kamba zake walikuwa wamezivuna asubuhi ile, akatajiwa idadi ya magunia, akashukuru, akaagiza vichipukizi vya kupandia visiachwe juani. Nilingoja amalize, ndipo nikamwambia neno nililokuwa nimelificha tangu afike, kwamba viza inamruhusu miezi sita, kwamba tiketi hubadilishwa, na kwamba ningependa akae hadi Oktoba.

Akaniwekea mkono gotini. "Mwanangu, bamvua hili wamenivunia wenzangu. Linalofuata watanivunia pia, nimewaomba. La tatu niwepo mwenyewe."

Sikuweza kubishana naye. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye mifereji, kimya kimya, na yeye ndiye aliyeyaona kwanza, akasimama akanishika mkono, akaniongoza kutoka mwambani hadi kwenye njia.

Aliondoka tarehe 22 Julai. Usiku wa tarehe 27 mwezi ulipatwa, Zanzibar nzima ikauona, lakini mimi nilikuwa zamu ya usiku wodini. Nilipotoka asubuhi, kabla ya saa mbili, simu ikalia. Kwao ilikuwa inakaribia saa nne, na nyuma ya sauti yake nilisikia upepo wa kusi na wanawake wakiitana. Alinieleza jinsi walivyosali msikitini mpaka mwezi ulipofunguka. Alisema maji yametoka vizuri na anakwenda kuingia, simu anamwachia mjukuu wake.

"Na huko kwenu leo yatatoka saa ngapi?" akauliza.

Kijitabu kilikuwa nyumbani. Nilihesabu siku tangu mwezi mpevu, nikamwambia jioni, saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo.

"Ndiyo," akasema, "ndiyo saa yake," akaingia shamba.