Siku yangu na dainamo ya Ford Model A

Saa moja asubuhi. Nairobi kuna baridi, lakini Ford Model A ya 1930 inanisubiri gereji. Mwenyewe, mzee mstaafu, analalamika kuwa akiwasha taa usiku, sindano ya ameta (kipimo cha umeme unaoingia au kutoka betrini) inaangukia upande wa kutoa. Hesabu yake ni rahisi. Balbu mbili za wati 35 pamoja na taa za nyuma ni kama wati 80, na kwa volti 6 hizo ni ampea 13. Koili ya kuwashia injini nayo inataka kama 4. Dainamo yake, mtambo unaozalisha umeme wa gari, ni ya brashi tatu (vipande vya kaboni vinavyopokea umeme), na imerekebishwa itoe 10. Kinachopungua kinatoka kwenye betri.

Saa tatu. Nafungua dainamo kubwa aliyoinunua, ya brashi mbili na regyuleta (kidhibiti cha umeme) yake pembeni. Kibao kinasema ampea 30. Tutaona. Komutata, yaani pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi, haijalika, ila maika iliyo kati ya vipande hivyo imelingana na shaba, na hapo brashi zitarukaruka na kutoa cheche. Nachukua kipande cha msumeno wa chuma nilichokisaga kikawa chembamba, nakwangua maika mfereji mmoja baada ya mwingine, kisha nazikalisha brashi kwa msasa laini wa glasi. Kazi hii haitaki haraka wala simu.

Saa tano. Naiunga na betri izunguke kama mota. Inazunguka polepole bila kukwama, basi naifunga kwenye benchi, naibebesha ubao wa balbu kama mzigo. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika inatoa ampea 26. Kwa 1,200 inatoa 9 tu.

Hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Injini ya Model A hutoa nguvu zake zote, farasi 40, kwa mizunguko 2,200 tu, na mjini haifiki huko. Dainamo iliyoundwa kwa injini ya mbio itabaki imesinzia. Mzee, akipiga simu, anauliza, "Fundi, kwa nini tusiweke altaneta tu?" yaani jenereta ya magari ya kisasa. Inawezekana, lakini gari hili upande chanya wa betri ndio umeungwa bodini, na altaneta nyingi zimeundwa kwa hasi bodini. Isitoshe, kwangu mimi altaneta kwenye injini hii inachukiza macho.

Saa nane. Fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) ananichongea puli, gurudumu la mkanda, ndogo zaidi, ili dainamo izunguke haraka. Si ndogo mno, maana mkanda wa feni utateleza. Narudisha benchi nusu saa na mzigo wote. Bodi la dainamo linapata moto, lakini hakuna harufu ya vanishi ya nyaya ikiungua.

Saa kumi. Nafunga kwenye gari. Kabla ya kuwasha, nagusisha terminali ya betri na ya amecha (sehemu ya dainamo inayozunguka) kwenye regyuleta, kufumba na kufumbua, ili dainamo ishike upande sahihi wa umeme. Injini ikichangamka, betrini nasoma volti 7.2.

Saa moja usiku. Tunatoka na mzee, taa zote zikiwaka. Tukitembea, sindano iko upande wa kuchaji. Kwenye foleni inarudi kutoa kidogo, na nimemwambia wazi kwamba injini ikiunguruma taratibu, hakuna dainamo itakayomfanyia muujiza. Dainamo ya zamani ameondoka nayo kwenye gunia. Ataifunga tena siku ya maonyesho. Wiki ijayo aje nikaze mkanda, maana mpya hunyooka.