Kumbukumbu ya mradi: orodha za maneno zimeungana, na ĩ imepata mahali pake

Ukaguzi umepita. Orodha zote za maneno ya lugha za Afrika nilizokuwa nikihangaika kuziunganisha sasa zimo katika hifadhidata moja ya CLDF (muundo wa pamoja wa kuhifadhi data za lugha), kila neno na lugha yake, maana yake, chanzo chake, na sauti zake zilizokatwa moja moja. Naandika kabla furaha haijapoa, maana sehemu hii ilinikatisha tamaa hadi nikawa naifungua kompyuta kwa kinyongo.

Misimbo ya lugha haikunipa shida. Kwa Kiswahili, chanzo kimoja kinatumia swh ya ISO 639-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, kingine kinaandika G42 kwa mtindo wa Guthrie, mwanaisimu aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na nambari, cha tatu kinataja jina la lahaja tu; ukishavioanisha vyote na swah1253 ya Glottolog, orodha ya mtandaoni ya lugha za dunia, umemaliza. Maana za maneno nazo nilizifunga kwenye Concepticon, orodha ya pamoja ya maana, nikasonga mbele. Shida ilikuwa herufi.

Ilijitokeza kwenye Kikuyu. Programu ilipomaliza kukata maneno, jedwali la sauti likadai kwamba Kikuyu kimejaa irabu za puani. Anayekijua Kikuyu ataona mara moja kilichotokea. Tahajia ya kawaida ya lugha hiyo ina irabu saba, na kiwimbi kilicho juu ya ĩ na ũ kinaonyesha kimo cha ulimi: ĩ imekaa kati ya i na e, ũ kati ya u na o. Katika IPA, alfabeti ya kimataifa ya kifonetiki, kiwimbi hichohicho kina kazi moja tu, nayo ni kusema kwamba hewa inapita puani. Programu ilisoma tahajia ya kawaida kana kwamba ni IPA.

Kama ingekuwa hiyo tu, ningebadilisha herufi mbili na kulala. Lakini nina orodha mbili za Kikuyu, moja kwa tahajia ya kawaida na nyingine kwa maandishi ya kifonetiki, na zote zina herufi e. Katika ya kwanza, e ni ɛ ya IPA. Katika ya pili, e ndiyo ile ambayo mwenzake anaiandika ĩ. Ukizilinganisha bila kujua hilo, maneno yaliyo sawasawa yanaonekana tofauti, na yaliyo tofauti yanaonekana sawa. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea. Takwimu zinatoka safi, zikiwa na uongo ndani.

Nikajaribu njia ambayo kila mtu huanza nayo: kusanifisha Unicode, mfumo unaozipa herufi na alama nambari zake, ili herufi ileile iandikwe kwa nambari zilezile. Inasaidia, ila kwa kiasi. Chukua Kilingala kilichoandikwa na toni zake. NFC, usanifishaji unaounganisha herufi na alama yake, huigeuza é kuwa nambari moja ya Unicode, lakini ɛ́ inabaki mbili, kwa kuwa ɛ yenye toni ya juu haijawahi kupewa nambari yake yenyewe. Programu inayohesabu nambari badala ya herufi itaona irabu moja ni fupi na nyingine ni ndefu. Hamia NFD, inayozitenganisha, upate usawa: zote mbili mbili. Kisha kinakuja Kiewe, chenye irabu za puani na toni, na hapo herufi moja inabeba kiwimbi na alama ya toni kwa pamoja. Alama mbili zote zikikaa juu ya herufi, usanifishaji hauzipangi upya. Aliyeandika kiwimbi kwanza na aliyeandika toni kwanza wanabaki na maandishi mawili tofauti milele. Kwenye fonti dhaifu, jicho halioni tofauti yoyote. Kwa hilo nashauri Charis SIL au Gentium, ambazo hupandanisha alama kwa mpangilio ulioandikwa. Kuona tatizo kwa macho ni nusu ya kazi.

Hata Kiswahili chetu hakikusalimika. Ile alama ya ng' nimeikuta katika sura tatu, kila moja na nambari yake ya Unicode: U+0027 ya kibodi, U+2019 ya programu za kuandikia zinazojifanya zinajua kufunga nukuu, na U+02BC ambayo kweli ni herufi. Mbili za kwanza Unicode inazihesabu kuwa alama za uandishi, kwa hiyo vikataji vingine vya maneno huipasua ng'ombe katikati. Ongeza hapo g ya kawaida (U+0067) na ɡ ya IPA (U+0261), ongeza na nukta mbili za kawaida zilizotumiwa badala ya ː ya urefu, uone kwa nini nilikuwa sina hamu.

Kilichonitia uchungu ni kwamba watu wamekaa mezani kwa ajili ya jambo hili zaidi ya karne nzima. Chama cha kimataifa cha fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886. Mwaka 1928 Diedrich Westermann na wenzake katika taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, London, walitoa alfabeti iliyotusambazia ŋ, ɛ na ɔ. UNESCO ikakutanisha wataalamu Bamako mwaka 1966, kisha Niamey mwaka 1978. Kazi kubwa, na naiheshimu. Lakini mikutano ile ilikubaliana juu ya umbo la herufi kwenye karatasi, na hakuna aliyeweza kuwalazimisha waandishi wa Kikuyu waache ĩ waliyoizoea, wala hapakuwa na sababu ya kuwalazimisha. Tahajia ni mali ya wanaoitumia. Ninachokidai kwa mtafiti anayechapisha orodha ni ukurasa mmoja unaosema kila herufi inawakilisha nini. Orodha nzuri mno, iliyokusanywa kwa jasho, halafu haina ukurasa huo! Inaumiza.

Suluhisho lilitoka kwa wanaisimu Steven Moran na Michael Cysouw: jedwali dogo la tahajia, safu moja ikiwa na herufi au kundi la herufi kama zilivyo kwenye chanzo, safu ya pili ikiwa na IPA yake. Maktaba ya segments ya lugha ya programu Python inalisoma jedwali hilo na kukata neno kwa kutafuta kwanza kundi refu kuliko yote, hivyo ng' inashikwa kabla ya ng, na ng kabla ya n. Haya wengi wenu mnayajua. Kilichofungua mlango kwangu ni kuacha kutengeneza jedwali la kila lugha na kutengeneza jedwali la kila chanzo. Kikuyu kina majedwali mawili. Mpangilio wa alama za Kiewe umo humohumo, namna zote mbili zikielekezwa kwenye IPA ileile. Na chochote kisichomo kwenye jedwali kinatoka na alama ya kuuliza badala ya kupita kimyakimya. Nilipoendesha tena, irabu za puani zilitoweka kwenye Kikuyu na zikabaki kwenye Kiewe, mahali zinapostahili. Nilipiga kelele peke yangu.

Kuhusu zana: msifungue faili za CSV kwa programu za majedwali za ofisini kisha mkahifadhi. Hubadilisha usimbaji bila kuuliza, na ŋ inageuka takataka. Kihariri cha kawaida kinachoonyesha nambari ya kila herufi, moduli ya unicodedata, na git ya kuona kilichobadilika vinatosha. CLDF yenyewe naipenda kwa ukaidi wake: rejeleo la chanzo kisichokuwapo inalikataa papo hapo. Ni nidhamu hiyohiyo iliyowezesha Grambank, hifadhidata ya majibu ya maswali ya sarufi, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na lugha 2,467 na waandishi zaidi ya 100. Huwezi kuunganisha mikono mingi hivyo bila kila jibu kuonyesha limetoka wapi.

Hatua iliyokuwa inafuata ni ramani. Ramani itasubiri. Majedwali haya yamenifanya niyatazame upya maumbo ya Kibantu asilia, lugha mama ya lugha za Kibantu, kwani tatizo ni lilelile. Mapokeo ya zamani yanaandika i na u kwa irabu za daraja la pili, na zile za juu kabisa yanaziwekea alama ndogo chini. Hifadhidata ya BLR3 ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, inaandika ɪ na ʊ kwa hizo za daraja la pili, na kuziachia i na u za juu. Kwa hiyo shina la mtu ni ntù upande mmoja na ntʊ̀ upande wa pili, na u haimaanishi kitu kimoja kwa wote wawili. Jedwali la mapokeo ya zamani nimeshaanza kuliandika. Limekwama kwenye ile alama ya chini: faili nilizonazo zinaiandika mara kama U+0328, mara kama U+0327, na usanifishaji haugeuzi moja kuwa nyingine. Naziingiza zote mbili, mstari kwa mstari. Mwenye jedwali lililokamilika la nukuu ya Meeussen, mtaalamu wa Kibantu aliyetumia mapokeo hayo ya zamani, anitumie, nami nitamtumia ya Kikuyu na Kiewe.