Mpigapicha Wetu

Desemba 2011 nilikuwa fildi kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, dawati la picha. Wiki tano za mwanzo nilipiga semina. Waziri anafungua semina, mkurugenzi anafunga semina, watu wawili wanakabidhiana hundi ya mfano huku wote wananikodolea macho mimi. Wapigapicha wenye ajira walikwenda Ikulu na Uwanja wa Taifa. Mimi nilipewa kamera ya akiba, Nikon D70 iliyofungwa selotepu penye mfuniko wa kadi, na nauli nilijitegemea.

Jumanne tarehe 20 mvua ikaanza. Ilinyesha usiku kucha, na Jumatano asubuhi bado ilikuwa inamwaga. Nilikuwa nakaa kwa shangazi, Ilala, kwa hiyo nilitembea kwa miguu mpaka ofisini, viatu mkononi. Nilikuta viti vitupu. Wenzangu wa Magomeni, Manzese na Ubungo walikuwa wamekwama ng'ambo. Mto Msimbazi ulikuwa umepanda juu ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Mhariri wa picha alivitazama vile viti, akanitazama mimi, akavitazama tena viti.

"Haya binti, nenda Jangwani. Na usiingie kwenye maji."

Ukishuka kutoka Faya kwa kawaida unaliona bonde lote mpaka Magomeni. Siku ile niliona mabati. Mabati na watu juu yake, wamejikunyata, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita katikati yao na magodoro, milango, jokofu limelala chali. Hata mashabiki wa Simba, ambao huwaita Yanga vyura kwa ajili ya ule uwanja wao unaojaa maji, sikumsikia hata mmoja akitania. Baadaye Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kubwa namna ile haijapata kunyesha jijini tangu 1954. Waliokufa walifika kama watu 40. Lakini hayo tuliyajua baadaye; pale barabarani kila mtu alikuwa anajua habari za nyumba yake tu.

Niliivalisha kamera mfuko wa rambo, nikautoboa tundu la lenzi. Lenzi ikapiga ukungu. Nikaifuta kwa pindo la khanga, ikapiga tena. Nilipiga karibu picha mia mbili, na nyingi zilikuwa uchafu mtupu, sisemi uongo. Moja ndiyo ilitoka. Mzee mmoja anatembea ndani ya maji yaliyomfika kifuani, kichwani kabeba cherehani, kile kichwa chake cha chuma tu bila meza, kakishika kwa mkono mmoja. Amevaa fulana ya Miaka 50 ya Uhuru, zile zilizotapakaa mji mzima wiki mbili nyuma, zenye maandishi "Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele". Maji yalikuwa yamefika kwenye "Tumeweza".

Mhariri aliitazama kwenye kompyuta muda mrefu. Nikajua nimefaulu.

"Huyu ni nani?"

"Mkazi wa Jangwani."

"Wakazi wa Jangwani ni maelfu. Nimekuuliza huyu."

Sikuwa na jina. Ilikuwa saa nane mchana, na ukurasa wa kwanza unafungwa saa kumi na mbili. Nikarudi nilikotoka, safari hii nikimwonesha kila niliyekutana naye kioo cha kamera. Kijana mmoja wa mkokoteni ndiye aliyecheka: "Huyo si fundi? Wamewapeleka shuleni, Mchikichini."

Nilimkuta darasani, chini ya ubao, anafuta cherehani kwa kitambaa na kuidondoshea mafuta tone tone. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nilipomwonesha picha ndipo aliponyanyuka.

"Itatoka gazetini?"

"Ndiyo, baba. Nataka jina lako."

Akanipa yote matatu, lake, la baba na la babu, akanisimamia mpaka nikayaandika sawasawa. Kisha akasema, "Sasa andika na sare."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayempima mtoto suruali. Shule zinafunguliwa Januari, na Desemba ndio mwezi wake wa mavuno. Alikuwa na vitambaa vya watoto 14, vingine vimeshakatwa, vingine vinasubiri vifungo tu. Vyote vimekwenda na maji. "Na mimi fundi, binti yangu. Mafundi tunavyojulikana. Njoo kesho, njoo keshokutwa, umeme ulikatika, mtoto anaumwa. Leo nikiwaambia wazazi kwamba sare zimechukuliwa na mto, nani ataniamini? Likiandika gazeti wataamini."

Niliandika maelezo ya picha mistari mitano. Jina, kazi, sare, idadi yake, kila kitu. Nikamkabidhi mhariri saa kumi na moja na robo, nikaenda kwa shangazi kulala na nguo zilizolowa.

Asubuhi picha ilikuwa ukurasa wa kwanza, safu tano. Nilinunua nakala tatu kwa hela yangu, jambo ambalo wenye ajira wangenicheka, nikaenda moja kwa moja shuleni. Fundi alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Jina lake lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Baada ya jina: "akiokoa mali yake katika mafuriko yaliyolikumba Jiji la Dar es Salaam jana." Nukta. Akageuza gazeti, akatazama ukurasa wa pili, akarudi.

"Na zile sare?"

Nikamwambia maelezo yalikuwa marefu, nafasi ilikuwa ndogo, wahariri huwa wanakata. Nilijisikia nikiongea kama fundi hasa.

Hakukasirika. Aliniomba kalamu, akaandika mwenyewe pembeni ya picha, mwandiko wa darasani wa zamani: pamoja na sare 14 za wanafunzi. Akafanya hivyo kwenye nakala zote tatu. Kisha akayaona maneno madogo chini ya picha, akayasogeza karibu na macho.

"Picha na Mpigapicha Wetu. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, baba."

"Kumbe na wewe wamekukata," akasema, akanirudishia kalamu, akaanza kukunja magazeti.