Sura yangu kwenye pakiti ya dagaa

Wifi yangu wa Dodoma alinitumia picha ya pakiti kwa WhatsApp na kunipa hongera kwa kuanza kufungasha. Mimi sijawahi kufungasha. Naanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nawauzia wachuuzi kwa gunia, basi. Lakini kwenye pakiti ile nilikuwa mimi kabisa, nimeinamia chanja na kilemba changu cha kitenge, na juu yangu jina la kampuni nisiyoijua.

Picha niliikumbuka. Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa Agosti 2024, baada ya miezi mitatu ya kupumzishwa uvuvi, alikuja kijana mwenye kamera akaomba kutupiga tukiwa kazini. Alisema anaonyesha maisha ya watu wa mwaloni, yaani sisi wa hapa ufukweni samaki wanaposhushwa. Tukamkubalia kwa moyo mweupe. Habari ya pakiti haikutajwa.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, nilimwomba wifi anunue pakiti, adai risiti, na asiifungue. Mpwa wangu akahifadhi matangazo yao ya mtandaoni, kila moja na tarehe yake. Anzeni hapo jamani, hata kama mna hasira kiasi gani, kwa sababu tangazo hufutwa kwa dakika moja.

Kampuni ilinijibu kwa adabu: "Mama, ile picha tumeinunua kwa mpiga picha, na risiti tunayo." Jibu hilo liliwakatisha tamaa wenzangu wote. Mimi nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 humhudumia bure mtu asiye na uwezo. Yule dada alinifafanulia jambo ambalo natamani kila mtu alijue. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha ili wengine wasiinakili kazi yake. Picha ni yake kweli, lakini sura iliyomo haikuwa yake kuiuza. Sura inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, nayo ina sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiichukua kwa lengo moja, huwezi kuihamishia kwenye lengo jingine hivi hivi; unarudi kwa mwenyewe kumwomba ridhaa. Na nyuma ya hayo yote ipo ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya kila mtu.

Tukaandika barua. Tuliwataka waache kutumia picha, waonyeshe ridhaa yangu kama wanayo, na walipe fidia. Tukawaeleza kwamba wakikaa kimya, malalamiko yatakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Mpwa wangu alitaka tutaje pia klabu ya Nairobi iliyotozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya mwaka 2023 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Msaidizi alikataa. Sheria ya Kenya haimfungi mtu wa Tanzania, na barua yenye nguvu husimama kwenye sheria ya hapa.

Waliposoma barua, walinipigia wakiahidi "zawadi" kwenye simu ili nisaini fomu ya ridhaa. Nilipoisoma nikaona tarehe imerudishwa nyuma, kana kwamba nilikubali kabla pakiti hazijachapwa. Nilikataa palepale. Fomu kama hiyo ukiisaini, umeua madai yako kwa mkono wako.

Mwishowe tulielewana kwa maandishi mbele ya msaidizi: matangazo yote yatolewe, pakiti zilizobaki zibandikwe lebo mpya juu ya sura yangu, na fidia ilipwe. Wamelipa, na kwenye pakiti mpya wameweka mchoro wa mtumbwi.

Bado kuna jambo moja. Nyuma yangu kwenye picha ile yupo dada mwingine, uso wake unaonekana nusu. Kampuni inasema yeye hatambuliki. Sisi wa mwaloni tulimtambua mara tu tulipoiona pakiti, na wanunuzi wake pia. Barua yake imeshakwenda, na tunaorodhesha majina ya waliomtambua ili yaambatanishwe endapo itabidi suala lifike kwenye Tume.