Fundi amekuja kupima jiko

Hatimaye tumeanza kukarabati jiko! Leo asubuhi fundi amekuja kupima jiko letu, hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, na jiko ni lile lile alilopikia nyanya yetu. Ukuta wa nyuma ya sinki una unyevu, plasta yamomonyoka kila masika. Bawaba za kabati zimeliwa na chumvi ya bahari.

Mimi nilitaka meza ya kupikia ya sentimita 90, kama zilivyo nyingi.
Fundi akamgeukia mama:
"Bi Mkubwa, hebu simama hapa ukunje mkono."
Akapima toka sakafuni hadi kiwikoni, akapunguza kidogo.
Ikawa 82.

Mama akauliza, "Na mbuzi yangu ya nazi nitaiweka wapi?"

Fundi akatoa chaki, akachora duara sakafuni karibu na dirisha. Hapo hapajengwi kitu.
Nimefurahi mno! Miaka yote mama amepika akiwa ameinama, na hakuna aliyewahi kumpima yeye.

Ukutani fundi anataka plasta ya chokaa, maana simiti huufungia unyevu ndani ya mawe. Nakubaliana naye.

Jamani, mlio na nyumba za mawe, chokaa imewafaa? Na bawaba zisizoshika kutu mwanunua wapi?