Kozi ya Kiingereza Iliyonifunza Kuandika Upya

Nilipojiunga na chuo kimoja cha miaka miwili mjini Minneapolis, nilidhani kozi ya uandishi wa Kiingereza, ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kuisoma, isingenisumbua, kwa kuwa nilikuwa nimepata alama nzuri za insha katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Kenya nilizoea kuandika maneno 400 kwa mkupuo mmoja, nikifungua kwa jua na ndege, nikirembesha kwa misemo, kisha kukabidhi karatasi bila kuitazama tena.

Insha yangu ya kwanza ilihusu gugu maji la Ziwa Victoria, jambo ninalolijua kwa kuwa nilikulia Kisumu. Ilirudi ikiwa na swali moja tu pambizoni: “Unadai nini?” Niliudhika, maana nilikuwa nimejaza kurasa tatu. Nilipoisoma tena usiku ule, niliona kwamba nilikuwa nimesimulia jinsi mmea huo ulivyotoka Amerika Kusini na jinsi unavyowazuia wavuvi kutoka na mashua zao, lakini hapakuwa na hata sentensi moja ambayo msomaji angeweza kuipinga.

Mwalimu alinielekeza niandike, kando ya kila aya, kazi inayofanywa na aya hiyo. Aya nne zilikuwa zikisema jambo lile lile, na ile niliyoipenda kuliko zote, yenye machweo ya ufuo wa Dunga, haikuwa na kazi yoyote. Niliifuta kwa uchungu. Kilichobaki ni dai: kwamba kulivuna gugu kwa mashine, au kuwategemea fukusi, wadudu wanaolila gugu hilo, walioachiliwa ziwani miaka ya 1990, hakutoshi maadamu maji taka na mbolea za mashambani zinaendelea kulirutubisha ziwa. Dai hilo lilinilazimu kutafuta ushahidi maktabani, jambo ambalo awali sikuliona la lazima kwa mtu aliyezaliwa ufuoni.

Kusomewa rasimu na wanafunzi wenzangu kulinitia haya zaidi kuliko alama. Mmoja wao aliniuliza, bila kejeli, mashua inawezaje kukwama kwenye majani. Nilikuwa nimedhani kila mtu anajua. Kwa ajili yake niliandika jinsi mizizi inavyoshikamana hadi ikawa zulia zito linalosukumwa na upepo, likafunga gati asubuhi moja na kuhama kesho yake, na aya hiyo ndiyo pekee katika rasimu ya nne ambayo mwalimu hakuiwekea alama yoyote ya kalamu.